Kondoo wa Nadhiri

Watu wakiniuliza vita vile nilivipitishaje, huwa nawajibu ukweli mtupu: nilikuwa nikitazama ovari za kondoo. Wengine hucheka. Wengine hudhani nakwepa swali, wakaniangalia kwa huruma, kama mtu mwenye mambo mazito moyoni asiyotaka kuyatoa. Nilikuwa mwanafunzi wa mifugo, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, binti wa seremala aliyefariki mapema, na nilikuwa na kazi moja tu ya kumaliza ili nipate shahada yangu. Kazi yenyewe ilihusu jinsi homoni za ukuaji zinavyoathiri ovari, yaani ile mifuko miwili midogo ambamo kondoo jike hutunza mayai yake. Huko nje watu walikuwa wanauana, na mimi nilikuwa nimeinamia kisahani nikihesabu vilengelenge vya mayai.

Niseme mapema kwamba nilikuwa nimechoka. Uchovu wa miaka ile haukuwa wa kazi, mtu aliamka nao. Ulilala umechoka kusikiliza milio ya risasi upande wa mtaa wa Kamenge, ukaamka umechoka kuuliza kama njia iko wazi. Kulikuwa na siku ambazo mji mzima ulifungwa kwa mawe na matairi, tukakaa ndani tukitazamana na mama mpaka tukachoka kutazamana. Halafu nchi jirani zikatufungia mipaka. Petroli ikawa inauzwa kwenye chupa za bia, na sukari ikawa kitu cha kumpelekea mgonjwa.

Kondoo walikuja nyumbani kwetu kwa sababu ya desturi moja ambayo wageni wa nchi hii hawaijui. Warundi wengi, hasa waliolelewa kizamani huko milimani, hawagusi nyama ya kondoo. Mbuzi watakula, ng'ombe watakula, lakini kondoo kwao ni mnyama wa kufugwa tu, na ukimpikia mtu bila kumwambia anaweza kuacha kukutembelea maisha. Wanaokula ni sisi Waislamu wa mjini. Ndiyo maana katika nyua za Buyenzi, katikati ya gereji na mashine za kupasulia mbao, ungekuta kondoo wawili watatu wamefungwa wakingoja Idi au akika ya mtoto.

Shamba la chuo lilikuwa uwandani, na njia ya kwenda huko ilikuwa haipitiki tena. Profesa wangu alinipokea nyumbani kwake Kiriri, kwenye sebule yenye maboksi yaliyofungwa kamba. Alikuwa anangoja kuondoka nchini, kama wenzake wengi, na alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

"Mademoiselle," akaniambia, "kondoo wote wa mji huu wako kwenu. Nenda ukafanyie kazi kwenu."

Akanipa pakiti ya mwisho ya vipande vya sifongo vyenye dawa, vile vinavyowekwa ndani ya kondoo jike ili wote waingie joto la kupandwa siku moja. Hakukuwa na nyingine, na kwa mipaka ile iliyofungwa isingepatikana. Akaniruhusu pia kuweka damu yao kwenye friza yake, kwa kuwa yeye alikuwa na jenereta na sisi umeme wetu ulikuwa kama mgeni, unakuja ukitaka.

Kabla sijaendelea na kondoo, inabidi nimseme kaka yangu.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, fundi wa magari, mkubwa kwangu kwa kiasi cha kunibeba mgongoni. Siku moja mwenye lori mmoja alimwomba waende wote hadi mji wa Ngozi, kwa sababu lori lilikuwa bovu na alihitaji mtu wa kulifufua njiani. Kaka aliondoka asubuhi na sanduku lake la spana. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Kaka akamwambia, "Mama, uniwekee chakula, nitarudi mbele ya saa za kufunga njia." Lori halikurudi, mwenye lori hakurudi, na yeye hakurudi. Hakuna aliyekuja kutuambia neno.

Mama akamwekea chakula. Alimwekea siku ile, akamwekea kesho yake, na akaendelea kumwekea. Kila mchana alipakua sahani tatu: yangu, yake, na ya kaka, ile ya bati ya bluu, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kabati. Jioni niliikuta imeoshwa. Nilijua kwamba kulikuwa na watu waliokimbia kutoka Kamenge wakilala kwenye baraza la madrasa, nikaamini chakula kinaenda huko. Sikuuliza. Sikuwa na nguvu ya kusikia jibu.

Na mama aliweka nadhiri. Alikuwa na kondoo jike mmoja aliyezaliwa uani kwetu, wa rangi ya kahawia, mwenye sikio lililochanika. Mbele ya baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ambaye ndiye mchinjaji wa mtaa wetu, mama alisema mwanawe akirudi atamchinja kondoo huyo na mtaa wote utakula. Basi kondoo akawa si wa kuuzwa wala wa Idi. Jirani akipita alimwangalia yule mnyama kwanza, halafu ndiyo amsalimie mama, na kwa kumkuta bado amesimama pale alijua hakuna habari mpya.

Nilikusanya kondoo wengine kwa majirani, kwa ahadi kwamba nyama yao wataipata yote, mimi nachukua damu wakiwa hai na ovari baada ya kuchinjwa. Nikawagawa. Kikundi cha kwanza kilipata majani, pumba za mpunga na mashudu. Kikundi cha pili kilipata majani kidogo tu. Kikundi cha pili kilipungua mmoja, nikamwomba mama wa kwake.

"Damu utatoa," akasema mama. "Shingo apana. Ile shingo iko na mwenyewe."

Nikakubali. Wa njaa wakawa watano, wanne wa kuchinjwa na mmoja wa damu tu.

Mama hakulipenda jambo lile tangu siku ya kwanza. Alisimama katikati ya mabanda mawili, mkono kiunoni, akitazama upande huu na upande huu.

"We mutoto, mi nakuuliza. Pumba iko pale, gunia nzima. Na hawa wanalia njaa. Iyo masomo gani?"

Nikajaribu kumweleza, na sijawahi kuieleza kazi yangu vizuri kuliko siku ile, hata mbele ya walimu. Nilimwambia chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo inakwenda kwenye ini, na ini likiisikia linatoa homoni ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayoshuka hadi kwenye ovari, kuvisaidia vile vilengelenge vyenye mayai kukua. Mnyama akishiba, mambo huenda hivyo. Akikaa na njaa, tezi inazidisha homoni ya ukuaji, inamwaga nyingi kuliko ya mnyama aliyeshiba, lakini ini halijibu tena. Ile homoni ya pili inapungua, ovari inabaki na vilengelenge vidogovidogo, na kondoo hashiki mimba, au akishika anazaa mmoja badala ya pacha. Mwili unaahirisha uzazi mpaka chakula kirudi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani miaka mingi.

"Kwa hiyo anapiga kelele ndani," akasema, "na hakuna mwenye kumusikia."

"Ndiyo, mama."

"Basi umupe chakula."

Nilicheka, na yeye alikasirika, kwa sababu hakuwa anatania. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba kikundi kile asiwape pumba hata konzi moja, wala mashudu, ama sivyo kazi yangu yote itaharibika na sitapata sifongo nyingine mahali popote. Akaapa kwa Mungu hatawapa pumba. Mama akiapa ameapa, nikaenda zangu.

Wiki zikapita kwa namna yake. Asubuhi za kutoa damu mama aliwashika vichwa, akasema Bismillahi kila nilipoingiza sindano shingoni, na kondoo walikuwa wakitulia mikononi mwake kuliko mikononi mwangu. Nilitenga maji ya damu kwenye vichupa, nikavipanga ndani ya ndoo yenye barafu ya muuza samaki, nikaanza safari ya mguu. Natoka Buyenzi, nakata Nyakabiga, napanda Kiriri. Magari hayakuwa na petroli na miguu yangu ilikuwa haina shukrani. Kwenye kizuizi kimoja askari alinisimamisha kila mara.

"Ni nini hii?"

"Damu ya kondoo."

Mara ya kwanza alifungua ndoo akachungulia, akarudi nyuma uso umekunjamana. "Mi sikule kondoo," akasema, kama kwamba nilimkaribisha, akanipungia mkono nipite. Baada ya hapo hakufungua tena. Ningeweza kupitisha chochote kwenye ile ndoo.

Kikundi cha njaa kilikonda kama nilivyotaka. Kondoo wa kwetu hutunza mafuta mkiani, na mikia yao ilinyauka ikaning'inia mitupu. Sina cha kujisifia hapo. Nililala nikisikia sauti zao na nilikuwa nikijua kwamba ni mimi niliyewafanya walie, wakati mji wote ulikuwa na njaa ambayo hakuna aliyeiomba. Kondoo wa mama hakukonda sana. Mkia wake ulibaki na kitu. Nikajiambia ni kijana bado, na amezoea uwanja huu, wengine wamekuja kwa wageni. Mtu aliyechoka huridhika na sababu ya kwanza inayomjia.

Sifongo zikawekwa kwa wote, hata wa mama, zikatolewa, na siku ya kuchinja ikajulikana. Ilibidi iwe siku hiyo na si nyingine, kwa sababu ovari hubadilika kila uchao, na ukichelewa unakuwa unalinganisha vitu visivyolingana. Nilizungumza na baba mdogo, akanoa visu vyake.

Siku chache kabla, mmoja wa wale wa njaa alikata kamba. Jirani yetu alikuwa ameanika maganda ya mihogo michungu kwenye mkeka, na kondoo aliyenyimwa chakula kwa wiki nyingi aliyaona maganda yale kama karamu. Baba mdogo alifika na kisu mkononi akikimbia, kanzu ameikunja, lakini sumu ya maganda ilikuwa imemmaliza kabla hajamuwahi. Akabaki mzoga wa kutupwa. Mwenye kondoo alinitukana, na alikuwa na haki.

Nilipanda Kiriri kumweleza profesa. Akaniambia kwamba alinitaka niwe na wanne wa njaa, watatu hawasemi kitu. Nikarudi nyumbani nikaketi kwenye kibao cha uani. Baba mdogo alikuja kuniuliza itakuwaje, nikamwambia haitakuwa chochote. Nitangoja mipaka ifunguliwe, nitafute sifongo nyingine, nianze upya, kama profesa mwenyewe atakuwapo. Nilisema maneno hayo bila machozi, kwa sauti ya kawaida. Sikumtaja kondoo wa mama. Naapa sikumtaja, hata kwa jicho sikumwangalia.

Mama alikuwa jikoni akipepeta mchele. Alisikia.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri alikuja chumbani kwangu akiwa bado na kanga yake ya kusalia. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niwe mkubwa.

"Ile kondoo yangu, umuchukue."

"Apana, mama. Tulisema shingo haiguswi."

"Umuchukue. Mutoto wangu mumoja iko njiani, mi namungojea. Mwingine amekwama hapa uani, naye namungojea. Mi nimechoka. Siwezi kungojea watoto wawili kwa kondoo mumoja."

Nilimwambia mama kwamba profesa anaweza kukubali watatu, tunaweza kungoja, miezi michache tu. Aliinuka akaenda zake, na nikasikia anafungua mlango wa uani.

Siku ya kuchinja ilikuwa shwari, hata risasi hazikusikika. Baba mdogo aliwachinja wa majirani kwanza, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nafuata nyuma na kisanduku changu, nakata, naweka ovari kwenye maji ya chumvi, naandika alama. Mwishoni mama akamleta wa kwake. Hakumvuta kwa kamba, kondoo alimfuata mwenyewe. Baba mdogo aliweka kisu chini.

"Shemeji," akasema, "nitie nia gani? Iyi ilikuwa nadhiri."

Sisi sote pale uani tulielewa anachouliza. Nadhiri ilikuwa ya kurudi kwa kaka. Kama hajarudi na kondoo anachinjwa, basi anachinjiwa kitu kingine, na mama ndiye mwenye kukisema.

"Isiwe nadhiri," akasema mama. "Iwe sadaka. Umuombee."

Hakusema marehemu. Hakuhitaji. Baba mdogo alimlaza kondoo kwa upole akamwelekeza kibla, na mama alimshika kichwa kama alivyomshika asubuhi zote za damu. Nilitaka kusema simamisheni. Nikafungua kisanduku changu.

Nilipozitoa ovari zake nilifikiri nimekosea mnyama. Za wenzake wa kikundi cha njaa zilikuwa ndogo, ngumu, na vilengelenge vidogo kama chembe za ulezi. Zake zilikuwa nene na laini. Juu ya kila moja kilikuwa kimevimba kilengelenge kikubwa kinachong'aa, kimejaa maji, yai liko tayari kutoka. Angezaa pacha. Ovari kama hizo nilikuwa nimeziona asubuhi ile ile, kwa wale waliokula pumba na mashudu. Nikazigeuza mkononi, nikazigeuza tena. Kondoo aliyekaa na njaa hawi na ovari hizo. Miezi mingi baadaye majibu ya damu yaliporudi kutoka ng'ambo yalisema neno lile lile: homoni ya ukuaji chini, ile ya ini juu. Lakini sikuhitaji kungoja majibu. Nilijua palepale nikiwa nimechuchumaa kwenye damu kwamba kondoo huyu alilishwa, na kwamba kwa kazi yangu hafai kitu.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anagawa nyama kwenye vifungu vya majani ya mgomba, vya majirani na vya wale wa baraza la madrasa. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira ya miaka yote ile, na yote ikampata yeye.

"Mama, ulimulisha."

"Nani?"

"Kondoo. Uliapa kwa Mungu."

"Niliapa pumba," akasema. "Sijamupa pumba. Wala mashudu sijamupa."

"Ulimupa nini?"

Aliendelea kukunja jani. Halafu, bila kugeuka, akainua kidevu kuelekea kabati. Nikatazama. Sahani ya bluu ilikuwa pale, imeoshwa, imegeuzwa juu chini.

"Kwanza nilikuwa nawapelekea wa Kamenge," akasema. "Lakini wale wanakula ya watu wote. Iyi ilikuwa ya mutoto wangu. Nikaona, kama yeye hayakuja, basi ikule kondoo yake. Ili akirudi akute kondoo munene. Mi ningemupokea na mifupa?"

Ugali, maharage, mboga ya lengalenga, wakati mwingine kipande cha muhogo. Kila siku, baada ya adhuhuri, nilipokuwa njiani kwenda au kurudi Kiriri. Kondoo aliyenyimwa konzi ya pumba alikuwa akila chakula cha mtu mzima mwenye kazi nzito.

Hasira iliniondoka yote kwa mara moja, ikaniacha nimesimama. Niliketi kwenye ngazi ya jikoni nikalia, na mama alidhani nalilia masomo.

"Imeharibika?" akauliza. "Sasa nimekuharibia?"

Nilimwambia apana, mama, haijaharibika, lakini alikuwa ananijua. Aliosha mikono, akaja akakaa kando yangu kwenye ngazi mpaka majirani walipokuja kuchukua nyama.

Kilichonikera kuliko yote kilikuja siku mbili baadaye. Nilipanda Kiriri nikamwambia profesa kwamba wa nne hafai, amekula. Alikuwa anafunga boksi la vitabu kwa kamba, na ameshika upande mmoja wa kamba kwa meno. Akaitoa.

"Andika watatu," akasema. "Nani atahesabu, kwa nchi ilivyo?"

Alikuwa ameniambia watatu hawasemi kitu. Labda alisahau, labda siku ile alikuwa na nguvu za kuwa mkali na siku hii hakuwa nazo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na nimewahi kuyasema peke yangu mara nyingi tangu hapo. Siku ile nilimshikia kamba akafunga fundo. Halafu nikarudi nyumbani kwa miguu, ndoo tupu, na askari wa kizuizini akaniuliza leo hakuna damu, nikasema imekwisha.

Nilifika wakati wa chakula. Mama alipakua yangu, akapakua yake, akarudisha kifuniko cha sufuria. Nilitazama juu ya kabati. Sahani ya bluu haikuwapo, alikuwa ameiweka ndani pamoja na nyingine. Alisema Bismillahi akaanza kula, na mimi nikala pia.

Kazi nilikuja kuitetea baadaye sana, mbele ya walimu wengine, kwa Kifaransa. Mama alitaka kuja. Alivaa ushungi wake mweupe akaketi nyuma kabisa, mkoba mapajani, bila kuelewa neno, akiangalia midomo ya watu. Nilieleza tezi, na ini, na homoni mbili, na jinsi njaa inavyozifarakanisha. Nilieleza ovari za walioshiba na ovari za wenye njaa. Mwalimu mmoja mwenye miwani alikuwa amefuata kwa makini.

"Unasema mwanzo kikundi cha njaa kilikuwa na watano," akasema. "Mmoja alikufa kwa mihogo. Hapa naona watatu. Mwingine yuko wapi?"

"Nilimtoa."

"Kwa sababu gani?"

"Alikutwa ameshiba."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Yeye pia akatabasamu.

"Alilishwa na nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba usimamizi haukutosha kwa sababu ya hali ya usalama. Sentensi hiyo nilikuwa nimeikariri. Nikamtazama mama kule nyuma.

"Na kaka yangu," nikasema.

Mwalimu akaandika kitu. Akaniambia kwamba siku nyingine niwaeleze vizuri ndugu zangu maana ya utafiti, nikamshukuru. Wakatoka, wakarudi, wakanipa shahada yangu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama na mimi, polepole kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Tulipofika Nyakabiga alisimama kupumzika kwenye kivuli cha duka lililofungwa.

"Yule wa miwani," akasema, "alikuuliza nini ukaniangalia?"

"Aliuliza kondoo yako alilishwa na nani."

"Ukamuambia nini?"

"Nilimuambia ni kaka."

Mama aliweka mkoba chini. Alivuta ushungi wake akajifuta uso mzima, taratibu, kama mtu anayefuta jasho.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Halafu akanipa mkoba nimbebee, tukaendelea kutembea.